Je, Kuamini ni Kosa?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo hazilali chumba kimoja. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Kikulacho ki nguoni mwako." Ya kwanza inakwambia fungua mlango hata kwa usiyemjua. Ya pili inakwambia mtazame vizuri hata yule mnayekula naye sahani moja. Sasa wewe kijana wa mjini, ukijaliwa mtoto utamlea kwa ipi? Amwamini mtu mpaka auone ubaya wake, au amshuku mtu mpaka auone wema wake?

Ndugu msomaji, swali hili si la kukaa vitabuni. Siku hizi linaingia mfukoni mwa kila mwenye simu, hata kama simu yenyewe ni kitochi cha kubana kwa mpira. Linaingia kwa mlio mfupi wa ujumbe, nawe unatakiwa kulijibu papo hapo, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika bomba la daladala. Ukikosea jibu, mshiko umekwenda.

Mimi nilikutana nalo uso kwa uso mjini Iringa, Julai 2024, kwenye mkutano mdogo wa wananchi kuhusu usalama wa mtandao. Walioandaa ni vijana wa kompyuta waliokodi ukumbi kwa kuchangishana. Posho haikuwepo. Kulikuwa na chai ya rangi, andazi moja moja, na kitini cha kurasa nne. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na shangazi yangu, muuza mchele wa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Utauliza, mama wa mchele na usalama wa mtandao wapi na wapi? Hata mimi nilijiuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliona tangazo, na ndiye aliyelipa nauli zetu wawili. Nilidhani anataka tu kuwasalimia ndugu zetu wa Ipogolo.

Kabla sijafika ukumbini, nikupitishe kwanza njiani, kwa maana njiani ndiko nusu ya jibu ilikokuwa. Basi likiwa bado stendi Mbeya, jua halijatoka na baridi ya Julai inauma masikio, mama mmoja alikuja dirishani akampa kondakta bahasha. Ndani ilikuwamo ada ya mtoto. Maelekezo yakawa haya: Mafinga, kando ya barabara, atasimama mtu mwenye koti la kijani. Kondakta akaandika namba ya simu juu ya bahasha, akaisokomeza kwenye mfuko wa shati, yakaishia hapo. Risiti hakuna, shahidi hakuna. Tukapita Uyole, tukapita Igurusi na Chimala penye mashamba ya mpunga, tukaupokea upepo wa Makambako, na pale Mafinga, kweli bwana, koti la kijani lilikuwa limesimama linatetemeka. Bahasha ikashuka.

Nikamwambia shangazi, "Huyu mama ana roho ngumu. Kondakta angekula je?"

Akacheka kidogo. "Akila, kesho atapitia wapi?"

Naomba uliweke neno hilo kichwani. Nitalirudia.

Ukumbini mtoa mada wa kwanza alikuwa kijana nadhifu, mwenye lugha ya kuvutia. Alituonyesha kwa projekta namna watu wanavyoibiwa. Alimtaja Mmarekani Kevin Mitnick, aliyekamatwa mwaka 1995 baada ya kutafutwa muda mrefu kwa kuingia kwenye kompyuta za makampuni makubwa. Alipotoka jela aliandika kitabu kiitwacho The Art of Deception, kikatoka mwaka 2002, na humo alieleza kwamba mara nyingi hakuhitaji kuvunja mashine. Alipiga simu tu. Aliongea vizuri, akajifanya mwenzao, akapewa nywila kwa hiari. Somo, akasema mtoa mada, ni kwamba katika mnyororo wote wa usalama kiungo dhaifu ni binadamu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutomwamini mtu yeyote. Akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa, akaipigia mstari.

Kisha akauliza nani kati yetu amewahi kulizwa kwa simu. Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu walitazamana, wengine wakacheka ile cheko ya kusema "labda huyo jirani". Kimya kikakaa. Halafu nikaona mkono wa kitenge unapanda karibu yangu. Shangazi.

Alisimama, akasalimia "kamwene" kwa heshima ya wenyeji, akaeleza. Agosti 2023 alichukua kwa mkulima wa Ubaruku, kule Mbarali, magunia 8 ya mpunga kwa mali kauli. Deni lilikuwa Sh. 640,000. Walikubaliana mkulima akiwa tayari atamwambia pesa aitume wapi, maana laini yake ilikuwa na matatizo. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Akatuma yote. Jumamosi mkulima akatokea Mwanjelwa kwa miguu yake, na kofia mkononi, kuulizia pesa.

"Ukafanyaje mama?" mtoa mada akauliza.

"Nikamlipa. Yeye ndiye aliyekuwa ananidai."

Alimlipa mara ya pili, msomaji. Alitoa akiba ya kuezekea chumba cha nyuma, akakopa kidogo kwenye kikundi cha akina mama, akamaliza deni. Mimi nilikuwa ninaishi naye nyumba moja wakati huo na sikujua lolote. Bati za kile chumba tulikuwa tunaambiwa zimepanda bei. Miezi kumi na moja alikuwa amelibeba peke yake, na ilibidi asafiri mpaka mkoa mwingine, mbele ya watu asiowajua, ndipo alitue.

Lakini hakukaa. Alimgeukia mtoa mada akasema, "Mwanangu, nikuulize. Mkulima aliniamini magunia yake nikiwa sina hata senti. Mimi niliamini kwamba ndani ya gunia hakuna mawe. Wewe umeandika pale nisimwamini mtu. Nikifuata hilo, Jumatatu nafunga biashara. Sasa nifunge?"

Mtoa mada alijitahidi kujibu, lakini muda ulikuwa umekwisha. Swali nikarudi nalo Mbeya, na ndilo ninalokupa leo.

Tuanze na lile tunalolisema haraka haraka. Mtu akiingizwa mjini, neno la kwanza kutoka mdomoni mwetu ni "mjinga". Tunasema mjini shule, na huyu hakusoma. Tunasema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini hebu tuzitenganishe hizi mbinu, maana si za ukoo mmoja. Upo mtego wa tamaa: umeshinda bahati nasibu ambayo hukuicheza, au unaitwa kujiunga na chama cha siri upewe utajiri. Anayenaswa hapo alikuwa anataka kitu kisicho chake, angalau kidogo. Methali ya tamaa inamfaa.

Lakini upo mtego wa pili, nao ni mtego wa wema. Mtu anakutumia ujumbe kwamba ametuma hela kwako kimakosa, anaomba umrudishie. Nani ananaswa hapo? Tapeli mwenzake hanaswi, kwa sababu yeye angeikalia kimya. Ananaswa yule ambaye hela ya mtu ikimwingilia hapati usingizi. Na ule ujumbe wa ile hela, nani ananaswa nao? Mdaiwa sugu hanaswi hata siku moja; akiambiwa atume hela anazima simu. Ananaswa mwenye deni ambaye alikuwa tayari anaitafuta namba ya kulipia. Tapeli hutupa ujumbe wake kwa maelfu ya watu kama mvuvi anavyotupa wavu, na wavu huo umefumwa kwa matundu ya ajabu: wabaya wanapita, wema wanabaki. Halafu sisi tunasimama ufukoni tunawacheka waliobaki.

Sasa niseme kama mtu ambaye ndoto yake ni kuandika riwaya, na najua kwamba wengi mnaosoma ukurasa huu mnayo ndoto hiyo hiyo. Nikiwa pale ukumbini niliutazama ule ujumbe kwenye ukuta, nikauonea wivu. Ndiyo, wivu. Utazame vizuri. Kazi yote imefanywa na neno moja dogo, "ile". Hakusema "hela". Angesema "tuma hela", ungeuliza hela gani na wewe ni nani. Amesema "ile", yaani hela tunayoijua mimi na wewe, tuliyokwisha kuizungumza. Kiswahili hakimpi mtu neno "ile" mpaka kuwe na jambo la pamoja baina ya wasemaji. Tapeli analitumia kabla jambo hilo halijakuwapo, na wewe msomaji wa ujumbe, kwa adabu ya lugha tu, unalijaza mwenyewe. Hadithi anaitunga yeye kwa maneno sita. Wahusika, mahali na kiasi unaviweka wewe. Sisi tunaojaza madaftari kwa kurasa mia mbili ili msomaji aamini kwamba kulikuwa na mtu fulani aliyepanda treni Mbeya, tunapaswa kukiri kwamba huyo bwana anaijua kazi.

Hapo nikashtuka. Kama zana ni zile zile, kuna tofauti gani kati ya mtunzi na tapeli? Wote wawili wanasema yasiyokuwapo, wote wanataka waaminiwe, na wote hupata hela wakifanikiwa. Tuliokulia kwenye vitabu vya zamani vya wazee wetu, tukamfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hatukudai kurudishiwa pesa tulipojua kwamba hakuna polisi wala mpelelezi mwenye majina hayo. Kwa nini?

Nadhani jibu liko kwenye jalada. Riwaya inakwambia mlangoni kwamba ni riwaya. Unaingia kwa miguu yako, unajua ni uongo, unaukubali kwa muda kwa sababu unatarajia kutoka na ukweli wa namna nyingine. Kuna mapatano. Tapeli hana jalada. Anakuandika wewe kuwa mhusika katika hadithi yake bila kukuambia kwamba hadithi imeanza. Kwa hiyo ubaya wa uongo hauko kwenye yasiyokuwapo. Uko katika kumnyima mwenzio nafasi ya kukubali au kukataa.

Na hili linatupeleka kwenye jibu ambalo shangazi alipewa kwenye duka moja la huduma kwa wateja alikokwenda kulalamika. Aliambiwa kwa upole tu, "Mama, muamala uliufanya mwenyewe kwa hiari yako." Hiari! Kidole kilikuwa chake, ni kweli. Namba ya siri aliibonyeza yeye. Lakini alichokihiari ni kumlipa mkulima wa Ubaruku. Hicho hakikutokea. Kilichotokea hakukihiari. Ukimwelekeza kipofu kwamba mbele kuna daraja, naye akatumbukia mtoni, utasema alijirusha kwa hiari yake kwa kuwa miguu ilikuwa yake?

Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alitoa mfano ambao ungeweza kutokea Mwanjelwa leo. Mtu ana shida ya pesa. Anataka kukopa kwa kuahidi kwamba atalipa, na moyoni anajua hatalipa. Je, anaweza kutaka kila mtu mwenye shida afanye kama yeye? Hawezi, anasema Kant, kwa sababu wote wakifanya hivyo hakuna atakayeamini ahadi tena, na ahadi yenyewe ya uongo haitakuwa na kazi. Uongo unaishi kwa kunyonya ukweli wa wengine. Wazee wa kwetu wangesema huyo anakula mbegu. Debe la mahindi ya mbegu ni tamu kama mahindi mengine, na ukilipika utashiba leo. Msimu ukifika ndipo nyumba nzima italia. Shangazi aliibiwa Sh. 640,000. Lakini siku mkulima yule akisema "kuanzia leo simkopeshi mtu", hapo ndipo tutakuwa tumeibiwa wote, pamoja na watoto wetu.

Kumbe basi kosa ni la nani? Sheria yetu haina shaka kuhusu mkosaji wa kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 2015, inautaja udanganyifu wa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai, ingawa wakati ule mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kifungu cha taarifa za uongo na uhuru wa watu kusema. Kisha tukaambiwa dawa ni kidole. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mwisho uliosogezwa kutoka tarehe 31 Desemba 2019 ukawa tarehe 20 Januari 2020. Watu wakakesha kwenye foleni za NIDA. Kila laini sasa ina mwenyewe.

Lakini mwenyewe yupi? Msajili wa laini chini ya mwamvuli akikwambia "hakijasoma, weka tena kidole", unajua umesajili laini ngapi? Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikihimiza watu wapige *106# wahakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na waripoti namba za matapeli kupitia 15040. Ni mashauri mazuri, mimi nayafuata. Lakini ona kejeli yake: yule kibarua aliyebonyeza kidole mara mbili kwa kuamini ndiye jina lake litakaloonekana kwenye laini ya tapeli. Imani yake ndiyo iliyogeuzwa kuwa koti la mwizi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayosema kwamba jina lako na namba yako si karanga za kugawa ovyo. Hiyo nayo ni ya kujua, maana tapeli anayekuita kwa jina lako amelipata mahali.

Kwa hiyo kosa lina matabaka. Kuna aliyetunga ujumbe, kuna aliyemuuzia laini, kuna aliyeachia majina yetu yavuje, na kuna wanaoendesha chombo kinachohamisha pesa kwa sekunde tatu na kuzirudisha kwa miezi mitatu, kama zinarudi. Mzigo wote huo hauwezi kubebeshwa kidole cha mama mmoja kwa kusema yeye ni kiungo dhaifu.

Niseme pia kwamba kushuku nako kuna wahanga wake. Taarifa za TCRA za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuongoza kwa majaribio ya ulaghai. Takwimu ni takwimu. Lakini zikifika kijiweni zinageuka mzaha, na mzaha unageuka hukumu. Kijana mwadilifu wa Sumbawanga akija Mbeya kutafuta chumba anaambiwa kimeshapangwa. Yeye hajamtumia mtu ujumbe wowote. Kanuni ya "usimwamini mtu" haianguki sawa kwa wote. Humwangukia kwanza mgeni, maskini, na yule mwenye lafudhi tofauti.

Utaniambia: basi wewe unataka tuwe wazi kama soko? La hasha. Tulizungumza pia ukumbini kuhusu namba ya siri, kwamba asiijue mtu hata mmoja, hata mume, hata mtoto. Wazee kadhaa waliguna. Macho yao hayaoni maandishi madogo, mjukuu ndiye anayewabonyezea. Kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake, wakawa wanasema, nasi hatuishi hivyo. Nilikuwa karibu kukubaliana nao. Lakini mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akasema maneno machache: kabla ya simu, kila alichouza kilipita mkononi kwa mumewe kwanza. Leo ana kitu ambacho ni chake. Hakuna aliyeguna tena.

Ndipo nilipoona kwamba siri si ugeni uliokuja na kompyuta. Bibi zetu walikuwa na kibindo. Ile hela ya chumvi iliyofungwa kwenye pindo la khanga ilikuwa na namba yake ya siri, nayo ilikuwa fundo ambalo vidole vya bibi tu vililijua. Hatukusema bibi hatuamini. Tulijua kwamba mwenye kibindo ndiye anayeweza kutoa kwa hiari. Asiye na pa kuficha hana pa kutolea.

Na kama bado unadhani siri na imani ni maadui, twende Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Mtwa Mkwawa alijenga pale ngome ya ukuta mrefu wa mawe. Mwaka 1891 majeshi yake yalikuwa yamewashinda Wajerumani Lugalo, na Wajerumani waliporudi Oktoba 1894 walileta mizinga. Ukuta ule mkubwa ulianguka kwa muda wa siku chache. Mkwawa akatoroka. Akaishi porini akipigana mpaka mwaka 1898, na kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Ni nini kilichomlinda miaka ile karibu minne? Si ukuta, ulikwisha kuvunjwa. Alilindwa na watu waliojua alipopita na wasiseme, waliomwachia chakula na kufunga midomo. Siri yake ilikuwa mikononi mwa wengi, na kwa sababu hiyo ilikuwa ngumu. Mawe yalihimili siku, neno la watu likahimili miaka. Mtu aliyesema binadamu ni kiungo dhaifu asimame Kalenga atafakari.

Sasa nirudi kwa kondakta. "Akila, kesho atapitia wapi?" Imani ya shangazi kwa kondakta haikuwa upofu. Ilikuwa na njia, na njia hiyo inarudi. Kondakta ana uso, ana stendi, kesho atapita tena. Mkulima wa Ubaruku ana shamba ambalo halihami. Imani ya namna hii ni hesabu ya watu wanaoishi pamoja, na imetulisha karne nyingi. Simu imeichukua ikaikata njia ya kurudi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, ilitupa kitu kikubwa: mtoto aliye Dar anamnunulia mama dawa Tukuyu kwa dakika moja. Lakini dakika hiyo moja ndiyo pia nafasi ya tapeli. Yeye hana stendi. Hana kesho.

Basi swali letu tulikuwa tumeliuliza vibaya. Si tuamini au tushuku. Ni je, imani hii ina njia ya kurudi? Kama haina, kazi yetu ni kuijengea, si kuitupa. Wengine watasema mpigie mtu usikie sauti yake. Ni vizuri, lakini siku hizi hata sauti inaweza kuigwa na kompyuta, na uso pia. Kilicho kigumu kuigwa ni maisha mliyoishi pamoja. Ndiyo maana napenda jibu ambalo shangazi ameanza kulitumia tangu Iringa, na amewafundisha akina mama wote wa safu yake ya mchele. Ukija ujumbe wa ile hela, hata kama anadaiwa, hata kama namba anaijua, anapiga kwa namba ile ya siku zote na kuuliza maneno mawili: "Ile ipi?"

Tazama yalivyo na adabu. Hayamtukani mtu, hayamwiti mwizi. Mkulima wa kweli atacheka, aseme ile ya magunia 8, na habari za watoto zitafuata. Tapeli atakata simu. Neno "ile" lilidai kwamba kuna jambo la pamoja kati yetu, na "ipi" inaomba tu jambo hilo litajwe. Kushuku kungefunga mlango na kurudi kulala. "Ipi" inabaki mlangoni ikisubiri jibu.

Limebaki moja, nalo ni letu vijana. Katika ukumbi wa watu sitini mkono ulikuwa mmoja, na baada ya shangazi kusema, niliona mikono mingine inapanda polepole, moja baada ya mwingine, mpaka nikaacha kuhesabu. Walikuwa wamenyamaza kwa kuogopa nini? Si polisi. Walituogopa sisi, vicheko vyetu vya kijiweni. Tapeli anahitaji laini, anahitaji majina, lakini zaidi ya vyote anahitaji aliyelizwa anyamaze, ili kesho ujumbe ule ule umnase jirani. Ukimya huo tunampa sisi bure kila tunapomcheka mtu aliyeingizwa mjini.

Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni hili. Kuamini si kosa. Mwenye kosa ni anayeivunja imani, anayemfungulia njia, na anayemcheka aliyevunjiwa. Shangazi bado anachukua mpunga Ubaruku kwa mali kauli, na mkulima yule yule bado anampa. Chumba cha nyuma bado hakina bati. Msimu huu ukienda vizuri, tutaezeka.